Ua la Mama Mkwe na Mkaratusi Kando ya Tangi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine nyingi, mwanangu. Ilikuwa mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi ile ya kwetu Wote ambayo jua hujificha nyuma ya mawingu hadi saa sita. Mimi, mwanamume mzima wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya ghala la mahindi nikichimba shimo, huku nikitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Kando yangu palikuwa na gunia, na ndani ya gunia palikuwa na ua lililokufa. Nilikuwa nalizika ili mke wangu asilione.

Usicheke. Au cheka kidogo, kisha unisikilize. Juzi uliniambia maua unayoyaweka ndani ya nyumba yako ya kupanga hayamalizi miezi miwili, tena umenunua kiwanja na hujui upande mti gani. Ukaniuliza dawa. Dawa ninayo, lakini mimi niliipata pamoja na aibu, na sioni jinsi ya kukupa moja bila nyingine.

Nilimwoa Nduku kutoka milima ya Mbooni, kule ambako ukungu hulala mashambani na vijito haviishiwi maji. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya harusi yetu. Siku aliyokuja kwangu, ndugu zake walimbebea sanduku na sufuria. Yeye mwenyewe alibeba mkebe wa mafuta ya kupikia uliopandwa jerania nyekundu, akaupakata safari nzima kama mtoto mchanga. Lilikuwa ua la mama yake. Marehemu alikuwa na desturi ya kulitoa majani makavu kila Jumamosi akimaliza kufua. Jerania nyingi hunuka kama dawa, lakini hiyo majani yake yalikuwa na harufu ya limau. Nduku aliniambia kwamba akisugua jani na kunusa vidole, ni kama mama yake anaingia mlangoni.

Akaliweka kwenye veranda yetu, na polepole akaliongezea wenzake, mikebe minne mingine. Jioni nikitoka kazini ningemkuta ameinama hapo akizungumza nayo kwa Kikamba. Nilikuwa nikimtania, lakini moyoni nilipenda. Nyumba ya kijana asiye na dada wala mama karibu huwa kavu, mwanangu. Ile ilikuwa imeanza kuwa na uhai.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kupima pamba kwenye ghala la ushirika. Wakulima walileta magunia yao, nikayaning'iniza kwenye mizani na kutaja uzito kwa sauti. Nilisifiwa kwa kutopunja mtu. Kazi hiyo ilinijenga na kuniharibu kwa pamoja, maana nilianza kuamini kwamba kila kitu chini ya jua hupimwa kwa kipimo kimoja.

Mwaka wa pili wa ndoa Nduku akapata nafasi ya kusomea ualimu huko Machakos. Angekuwa akirudi nyumbani wakati wa likizo tu. Asubuhi ya kuondoka alisimama kwenye veranda, sanduku mkononi, akaniambia:

"Kyalo, maua yangu usiyamwagilie kwa mazoea. Yatazame kwanza."

"Usijali. Asubuhi na jioni, kikombe kimoja kila moja. Sitasahau hata siku moja."

"Sijasema asubuhi na jioni. Nimesema uyatazame."

Nikaitikia "ii, ii," kama mtu anavyomwitikia mtoto. Akaenda.

Sasa ona nilivyofanya, kwa mapenzi kabisa. Kwanza, niliona mikebe ile ina kutu na inaaibisha nyumba. Nikaenda sokoni, nikanunua mabakuli matano ya enameli, meupe yenye ukingo wa buluu, mazuri mno, nikahamishia maua yote humo. Mikebe ya Nduku ilikuwa na matundu ya msumari chini. Mabakuli yangu hayakuwa na tundu hata moja, na mimi nilidhani matundu ya ile mikebe ni uchakavu tu. Pili, nilishika ratiba yangu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kila ua sawa na mwenzake, bila upendeleo. Mei ikapita hivyo. Juni ikaja na baridi yake, mawingu kutwa, shuka lililofuliwa linakaa siku mbili kwenye kamba bila kukauka. Mimi bado kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Nikasema, yana kiu. Nikaongeza kikombe cha mchana, nikitoka ghalani mbio wakati wa chakula. Yakazidi. Nikasema, yana njaa. Nikayawekea mbolea ya mbuzi, mbichi, ile iliyotoka zizini asubuhi hiyo. Yakalala. Nikasema, ni baridi. Siku jua lilipochomoza kidogo nikayatoa kivulini na kuyaanika uani kama mahindi, na yale majani machache yaliyobaki yakababuka. Kila nilichofanya nilikifanya upesi na kwa nguvu zote, na hata mara moja sikuinama kuingiza kidole kwenye udongo. Haraka haraka haina baraka, walisema, nami nilikuwa nikiimba methali hiyo tangu darasa la pili bila kuisikia.

Siku niliyong'oa jerania, shina lilitoka mkononi bila kukataa. Mizizi ilikuwa myeusi na laini, inanuka kama maji ya mtaro. Nikalizika nyuma ya ghala, kama nilivyokwambia.

Kama ningeishia hapo, kosa langu lingekuwa dogo. Maua hufa. Lakini niliogopa machozi ya mke wangu, na mtu akiogopa machozi hufanya mambo ya kipumbavu. Nilijua karani mmoja aliyekuwa na jerania nyekundu mlangoni kwake. Nikamwomba mche, nikautia katika ule mkebe wa zamani wenye kutu, mahali pale pale pa lile la kwanza, na yale manne mengine, yaliyobaki na uhai kidogo, nikayarudisha kwenye mikebe yao. Kwa macho usingeyatofautisha. Na ili nyumba ionekane ya kijani zaidi, macho ya Nduku yapotee kidogo, nikatafuta miche mitano ya mkaratusi, kwa sababu nilisikia hakuna mti unaokua upesi kama huo. Minne niliipanga mbele ya nyumba, hatua tatu kutoka ukutani. Wa tano nikaupanda kando ya tangi la maji ya mvua, lile la saruji lililozama nusu ardhini, mahali penye unyevu. Nikajipongeza.

Agosti Nduku akarudi. Alinisalimu kwa furaha, akaisifu miche, akaenda moja kwa moja kwenye veranda. Nilisimama nyuma yake. Nilimwona akichuma jani moja, akilisugua kati ya vidole, akileta vidole puani. Kisha akajipangusa mkono kwenye rinda, polepole, kidole kimoja kimoja, akaingia jikoni kuwasha moto.

Hakusema neno. Siku ya pili hakusema, ya tatu hakusema. Alipika, akafua, akaenda mazoezi ya kwaya kanisani. Jumapili tulipokuwa tukirudi kutoka ibadani aliniuliza bila kunitazama:

"Kyalo, ua la mama liko wapi?"

Mwanangu, mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, nami nikaurudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema, "Si hilo liko pale kwenye veranda?"

"Sawa," akasema. Basi.

Likizo yote iliyobaki alikuwa mpole kwangu kama mgeni alivyo mpole kwa mwenyeji. Siku ya kurudi chuoni alinishukuru kwa kumbebea sanduku. Alinishukuru! Mke wangu! Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeua kitu kikubwa kuliko ua.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Mbooni kumwona nyanya yake, ambaye sisi Wakamba humwita Susu. Alikuwa kikongwe mdogo wa mwili, mgongo umepinda, lakini akikutazama unakumbuka dhambi zako. Yeye ndiye aliyemlea mama yake Nduku, na nilijua kwamba ile jerania ilitoka kwenye ua wa boma lake. Nilikuta imeenea ukingoni mwa njia, kichaka kizima, inanuka limau mtu akiigusa kwa nguo tu. Nilifurahi sana. Nikadhani nitaomba kitawi, nitarudi nacho, na mambo yataisha bila mtu kujua.

Nikamweleza, maana sikuwa na namna. Alisikiliza akipukuchua mbaazi. Nilipomaliza akauliza:

"Ulikuwa unayapa maji wakati gani?"

"Asubuhi na jioni, Susu."

"Nani alikuomba, ua au saa?"

Akainuka, akanishika kifundo cha mkono, na kikongwe yule alikuwa na nguvu! Akanivuta hadi kwenye mkebe uliokuwa dirishani kwake, akakichukua kidole changu cha shahada na kukizamisha kwenye udongo hadi kiungo cha pili.

"Unasikia nini?"

"Juu pakavu. Ndani kuna unyevu."

"Basi huyu ameshiba. Kesho nitamuuliza tena. Wewe, Kyalo, ulimlisha mtu aliyeshiba, ukamfungia mlango wa choo, halafu ukashangaa amekufa." Akakitoa kidole changu udongoni. "Mmea hauna mdomo, lakini haunyamazi. Ukiwa na kiu hulegea, na ukizidishiwa maji hulegea vile vile. Ni udongo utakaokwambia ni lipi. Mtu asiyeuliza udongo anaua kwa huruma, na huruma ya namna hiyo ni kiburi tu kilichovaa nguo nzuri."

Nikasema nimekubali kosa, nikaomba kitawi. Akarudi kwenye mbaazi zake.

"Sikupi."

"Susu?"

"Nikikupa leo utakwenda kumdanganya mjukuu wangu mara ya pili, na safari hii kwa ua la kweli. Nenda kwanza ukamwambie."

Mwanangu, kutoka Mbooni hadi Machakos si mbali, lakini njia hiyo sijaona ndefu kama siku ile. Nilimkuta Nduku kwenye lango la chuo, saa za wageni, amevaa sweta ya chuo. Nikamwambia yote hapo hapo tukiwa tumesimama, watu wanapita: mabakuli, kikombe cha mchana, mbolea, gunia, ghala, karani. Sikubakisha kitu.

Alilia. Nilichoogopa miezi miwili yote kikatokea, na dunia haikupasuka. Alilia kwa ajili ya mama yake, nikamshika bega. Kisha akapangusa macho na kusema:

"Nilijua siku ile ile. Ua limenihuzunisha, lakini maua hufa, Kyalo. Nilikuwa nikilala najiuliza, kama ananificha ua, siku ya jambo kubwa nitamuuliza nani?"

"Uniulize mimi," nikasema.

"Tutaona," akasema. Lakini alitabasamu kidogo, na nilirudi Wote nikiimba.

Desemba tulikwenda Mbooni pamoja. Susu akamkatia Nduku kitawi chake na mimi akanikatia changu. Nilitaka kukipanda papo hapo, akanipiga kofi la mkono. "Kidonda kikauke kwanza. Kiweke kivulini hadi kesho. Wewe kila kitu unataka leo." Cha Nduku na changu vyote vilishika, na hapo niliacha kuhesabu vikombe.

Lakini kuna mtu hujifunza somo moja na kudhani amemaliza shule. Mwaka uliofuata Susu alikuja kututembelea, akaizunguka nyumba akitegemea fimbo yake. Alipofika kwenye mikaratusi alisimama. Ilikuwa imenipita kimo tayari, nami nilisimama kando yake nikisubiri sifa.

"Miti hii itakuwa na ukubwa gani?" akauliza.

"Mikubwa sana, Susu."

"Mikubwa kiasi gani? Mizizi yake inakwenda wapi? Inakunywa kiasi gani? Majani yake yakianguka yataangukia wapi?"

"Sijui."

"Ulipotaka kumwoa mjukuu wangu, wazee wenu walikuja kuuliza ukoo wetu hadi wa babu wa babu. Mti utakaa na wewe muda mrefu kama mke, na hukuuliza hata jina la baba yake?" Akagonga tangi kwa fimbo. "Huyu hasa. Mti wa kiu umeuweka mdomoni mwa maji yako. Utoe ungali mdogo. Samaki hukunjwa angali mbichi."

Ile minne ya mbele niliing'oa kabla hajaondoka. Ule wa tangi niliuacha. Sababu? Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mrefu kuliko wote, umenyooka, na watu waliopita barabarani walikuwa wakiusifu. Nikasema nitautoa mwakani. Mwakani ukawa na kivuli, na Nduku alikuwa ameanza kumlaza mtoto wetu wa kwanza hapo chini. Mwaka mwingine ukapita, na mwingine. Susu akafariki, Mungu amrehemu, na kwa siri niliona kama amekufa na deni langu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka wa nane tangu niupande, mvua za Machi zilikuwa haba sana, na sote tulikuwa tunaishi kwa lile tangi hadi Novemba. Majani ya mkaratusi yalikuwa yakiziba mfereji wa bati mara kwa mara, hilo nililizoea. Kisha mwezi wa Agosti nikaona alama ya unyevu ukutani mwa tangi, nyembamba kama uzi. Nikasema ni jasho la saruji. Baada ya wiki tatu Nduku alishusha ndoo, ikagonga chini, kavu. Mzizi wenye unene wa mkono wangu ulikuwa umesukuma ukuta hadi ukapasuka upande wa ndani, na maji yetu yote yalikuwa yamekwenda kuulisha.

Tangi lile halikuwa langu peke yangu. Lilijengwa kwa mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, akina mama wa kanisa wakibeba mchanga na kokoto kwa vyondo mgongoni, zamu kwa zamu, boma hadi boma. Hicho ndicho kilichoniuma. Kuanzia siku hiyo hadi mvua zilipokuja, Nduku, mwalimu wa shule, alikuwa akiamka alfajiri kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto Kaiti, kisha aende kufundisha akiwa tayari amechoka. Nilikuwa nikienda naye, tukibeba mitungi. Hakunilaumu hata siku moja. Asubuhi moja tu, tukipumzika njiani, alisema, "Susu angekuwa hai, angekupiga kwa fimbo."

"Angenipiga," nikasema. Tukacheka hadi maji yakamwagika.

Niliukata mti ule mwenyewe, ilinichukua siku mbili. Nikaenda kwa wale akina mama, nikasimama mbele yao kanisani baada ya ibada, nikawaambia tangi walilonijengea nimelivunja kwa ukaidi. Sikungoja waniulize. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Mwenyekiti wao akasema, "Basi Jumatano njoo na jembe. Na safari hii, mchanga utaubeba wewe." Niliubeba, kwa kyondo mgongoni kama wao, na watoto wa shule walitoka darasani kunitazama.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sasa nikupe ulichoniomba.

Maua yako yanakufa kwa sababu unayapenda kwa ratiba. Ingiza kidole kwenye udongo kabla hujashika kikombe. Pakiwa na unyevu ndani, rudisha maji jikoni, hata kama moyo unakusukuma. Chombo kisicho na tundu chini ni jeneza, kiwe kizuri namna gani. Wakati wa baridi mmea hulala, uache ulale. Mbolea mbichi ni moto, iache izeeke. Likitokea jani la njano, usifanye mambo manne kwa siku moja kama mimi; fanya moja, ungoje wiki, utazame. Na kama wewe ni mtu wa safari na kusahau, usijilazimishie maua ya milimani. Chukua ule mkonge pori wenye majani kama panga, ambao akina mama wa kule Kyuso hutoa nyuzi za kusukia vyondo. Nasikia siku hizi mjini wanauuza kwenye vyungu. Utauweka kwenye kona, utauacha mwezi mzima, na utaukuta salama.

Kuhusu kiwanja chako: kabla ya kuchimba shimo, tafuta mti wa namna hiyo uliokwisha kuzeeka, nenda ukasimame chini yake. Tazama matawi yanafika wapi, inua majani uone ardhi yake ikoje, muulize mwenyewe kama anajuta. Kuuliza si ujinga. Mti mkubwa peleka mpakani, mbali na ukuta, tangi na choo. Kwetu huku mukau hustahimili ukame na mbao zake huliwa na mchwa kwa shida, lakini usiuhimize. Karibu na jikoni panda mlimau au mpapai, mti unywe maji yaliyooshea vyombo. Na ukiona umekosea, ng'oa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeujenga, ninajua uzito wa mchanga wake.

Lakini haya yote hata kitabu kingekwambia. La kwangu ni hili. Utaharibu vitu vya watu unaowapenda, nawe ukiwa na nia njema kabisa. Hakuna atakayekwepa. Siku hiyo usichimbe shimo. Nenda ukamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajakuuliza, umwache alie. Aliyelia mbele yako bado ni wako. Anayekushukuru kwa kumbebea sanduku ndiye umeanza kumpoteza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono mzito wa kumwaga maji na mwepesi wa kung'oa pale panapostahili. Akupe mvua kwa wakati wake, na majirani wa kukubebea mchanga. Na akujalie mtu wa kukukemea ukiwa bado kijana, na masikio ya kumsikia angali hai.